Siku Bi. Mwongeli Alipokaukiwa na Sauti

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Mwongeli Masila anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa mshauri nasaha wa kituo chetu. Alianzia katika ofisi yetu ya zamani kule mjini, tukahamia naye Kileleshwa, na wengi wetu ni yeye aliyetufunza kazi.

Akinyamaza, utajikuta umesema. Bw. Karanja, mhasibu wetu, aliwahi kuingia kwake kuazima stepla, akaishia kumweleza ugomvi wake wote na mkwewe. Stepla yenyewe aliisahau.

Ukimya huo hakuja nao. Zamani alikuwa msemaji kwelikweli, na kila kikao alikifungua kwa maombi, jinsi tunavyofungua kila mkutano hapa kwetu. Wateja hawakukataa. Nani angekataa kuombewa?

Mmoja wao alikuwa Stellah, mama mmoja kutoka mtaa wa Waithaka, ambaye mwenyewe ametuomba tuyaandike haya. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee. Kila wiki aliitikia amina, akasema anaendelea vizuri, kisha akarudi nyumbani hataki tena kuishi. Hakuna aliyejua.

Halafu Bi. Mwongeli akashikwa na homa, sauti ikakauka kabisa. Siku hiyo hakukuwa na maombi wala nasaha. Walikaa tu. Kimya kilipozidi, Stellah akafoka: "Mimi na Mungu hatuongei siku hizi. Hapa naitikianga amina tu ndio usijisikie vibaya." Kisha akalia, akasema yote. Bi. Mwongeli hakumwacha peke yake hadi dada yake Stellah alipokuja kumchukua.

Bi. Mwongeli bado ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani kwao. Ila kazini, tangu siku hiyo, humuuliza mteja angependa waanze vipi, kisha hungoja jibu hata likichelewa. Anayetaka maombi huombewa kwa moyo wote. Nasi ametufunza hivyo hivyo, bila kuficha alikokosea.

Kuanzia Jumatatu wateja wake watakuwa wangu mimi ninayeandika haya. Naogopa, na nimemwambia hivyo.

Asante, Bi. Mwongeli. Stellah yu hai, na Ijumaa atakuwa nasi kukuaga. Tunakutakia ustaafu mwema, na siku ukiwa na lako zito, umpate mtu wa kukusikiliza.