Kitalu cha Maji Matupu

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limejaa na birika la kahawa linazunguka, ila Miche, yule muuza miche wa pale mkabala, kikombe kilikuwa kinapoa mkononi mwake. Ndani ya uzio wake binti yake alikuwa amechuchumaa, analia. Binti anasoma chuo. Aliomba vitalu viwili vya spinachi kwa jaribio lake: kimoja akipulizie dawa ya chembechembe ndogo kuliko vumbi, zinazoingia ndani ya jani na kulisaidia kunasa mwanga, kingine kipate maji tu. Leo amepima, vitalu vimelingana. Mwalimu wake anakuja kesho, na dawa, kwa macho yake, imefeli. Baba mtu roho ilikuwa inamuuma.

— Hiyo dawa imechacha, alisema Kinyozi.

— Haichachi bwana! alidakia Injinia, cheo alichojipa mwenyewe kwa kutengeneza redio. Zile chembe ni betri. Jani linachaji mchana, usiku linakula taratibu.

— Basi zinafaa kwa upara! Nampaka mteja, namwanika juani, nywele hizoo!

— Nywele kitu gani? Mimi najipaka mgongoni. Nikiota jua nimeshiba, mke wangu apumzike kupika.

— Utageuka kijani wewe!

— Bora kijani kuliko njaa.

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Miche. Ndipo mteja mgeni, povu bado kidevuni, akachungulia mlangoni.

— Samahani wakubwa. Hicho kitalu cha maji tu, nani anakitunza?

Macho yote yakamgeukia Miche.

— Mimi, alisema, jasho likimtoka. Sasa ningefanyaje jamani? Mwenzake anapewa dawa, chenyewe kinakodoa macho tu! Nikakionea huruma. Binti akishaondoka, nakipulizia na chenyewe.

— Baba!

Binti alikuwa amesimama kwenye uzio, kasikia yote. Akaviangalia vitalu vyake, kisha akaiangalia spinachi ya kuuza ya baba yake, iliyopandwa siku moja na vitalu hivyo bila dawa na bado fupi, imedumaa. Akashika kichwa, akaanza kucheka na machozi hayajakauka.

— Kumbe haijafeli! Nitamweleza mwalimu ukweli, tunaanza upya.

Miche alishusha pumzi ndefu, akaikumbuka kahawa yake, akainywa yote ikiwa baridi.

— Anza, mwanangu. Ila safari hii bomba la dawa kaa nalo wewe, na hicho cha maji matupu kiweke mahali ambapo sikioni.