Swaumu za Bi Time Jecha wa Msuka

Bi Time binti Jecha, mama yetu, alizaliwa hapa Msuka tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Jecha Rajab, mkulima wa muhogo. Mimi ninayesoma kwenye hitima hii ni Hafiz, mwanawe wa pili.

Skuli alisoma mpaka darasa la saba. Tokea mwaka 1980 alisomesha Kurani barazani kwake. Wengi mliopo mlipitia bakora yake, ambayo kwa hakika ilipiga jamvi zaidi kuliko mgongo.

Mwaka 1983 aliolewa na marehemu baba yetu, Mzee Abdulsamad Msellem. Posa ya kwanza aliikataa kwa kuwa bwana hakuwa na Yasini kwa moyo. Baba akaenda kujifunza, akarudi, akakubaliwa. Baba alipenda kuisimulia mwenyewe.

Mwaka 2008 aliambiwa ana ugonjwa wa sukari, na tangu 2019 alichoma insulini. Mara dawa ipo, mara anaambiwa dirishani hospitali imekwisha, na ya kununua mpaka Chake Chake, nauli juu na bei juu. Tuliona anafunga kila Jumatatu na Alhamisi. Nilimwambia dini imempa ruhusa ya kula. Akanijibu, "Niache miye mwanangu, swaumu hainidhuru." Tukajisifu kuwa na mama mcha Mungu, na mimi nilijisifu zaidi.

Jumapili tarehe 11 Januari 2026 alianza kutapika na kuhema. Tulimkimbiza hospitali, akafariki alfajiri ya Jumatano tarehe 14. Tulimzika adhuhuri.

Matangani, jirani yetu Bi Mwatum, aliyekuwa akimwekea dawa kwenye friji lake, alituambia: "Kanambia nsiseme. Siku asiyokula hujichoma kidogo, ivo chupa ya mwezi humfikisha miwili."

Mama alikuwa mcha Mungu, hilo halina shaka. Lakini alikuwa pia hana dawa, na sisi watoto, wote wenye kazi zetu, hakuna aliyeuliza. Inaniuma na itaendelea kuniuma.

Ameacha watoto watatu, Seif, mimi na Mardhiya, wajukuu saba, na mdogo wake, Bi Zulekha, aliyekaa pale upande wa wanawake. Mama mdogo naye anachoma insulini, na amenuia kufunga Jumatatu. Kwa heshima zote, mbele ya wazee, namwomba kwanza atuoneshe chupa yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, amtulize kaburini mwake, na sisi atusamehe.