Protus Wekesa na Lori Lililokataa Kuwa Chuma Chakavu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko nyumbani na mlioko Uarabuni, hamjambo? Ni mimi Shirleen. Leo tunamkumbuka Protus Wekesa, dereva wa malori mazito, aliyefariki nyumbani kwake Webuye wiki mbili zilizopita. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ukimwita mzee alikununia. Ukimwita dereva alikununulia chai.

Ujanani Protus alijifunza kazi kwenye malori ya zamani ya Uingereza. Leyland, Albion, Bedford. Alibeba mitambo ya viwanda vya sukari, chuma kimoja tani arobaini. Mkewe, Mama Rosebellah, ameniambia hivi: "Tulipochumbiana alinipeleka kuona lori. Si kwao, lori! Nikajiuliza huyu anaoa mimi ama nimeitwa kushuhudia ndoa yake na Leyland." Aki wanaume!

Basi akaenda Riyadh. Miaka kumi akaendesha magari mapya ya kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Abu Nasser. Magari mazuri, lakini Protus alikuwa akilalamika: "Haya yanajiendesha. Mimi ni abiria tu."

Siku moja, kwenye uwanja wa familia ya Abu Nasser, mtaani Malaz, Riyadh, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na lori la Uingereza, Scammell ya mwaka sitini na nne, usukani upande wa kulia. Babake Abu Nasser aliinunua Aden, enzi za Waingereza. Wasikilizaji, Protus alilia. Mtu mzima, mchana kweupe.

Lakini wana wa Abu Nasser walikuwa wameshaamua lori liuzwe, likatwe, liwe chuma chakavu. Protus akaomba. Akabembeleza. Mwisho Mansour, mwana mkubwa, akasema: "Likifika Jeddah kwa magurudumu yake, libaki. Likisimama njiani, linakatwa. Halas, basi." Sikieni vizuri: likifika, libaki; likisimama, linakatwa.

Miezi mitatu Protus akaliamsha. Siku ya kulijaribu akapanda, akatoka getini, na moja kwa moja akashika upande wa kushoto. Kama yuko Webuye! Miaka kumi ya Saudia, lakini alipoketi tu kulia, mwili ukarudi nyumbani. Teksi zinampigia honi, watu wanakimbia. Binamu yake Julius, bawabu wa hapo, akamkimbilia akipunga mikono: "Protus! Huku si Kenya!" Naye Protus, kichwa dirishani: "Ni hawa wamekosea njia!"

Wee! Mansour akataka kufuta safari palepale. Ndipo Abu Nasser, mzee wa miaka sabini na tano, akakunja kanzu, akapanda kiti cha kushoto. "Nitamwonyesha njia mimi," akasema. "Yalla, twende, Brotus," kwa ulimi wa Kiarabu usio na P. Bosi akawa utingo wa dereva wake. Usukani ukiwa kulia, dereva haoni mbele ya gari analotaka kulipita, kwa hiyo mzee ndiye aliyechungulia na kusema twende, ama ngoja.

Julius aliwafuata na pikapu iliyojaa maji. Baada ya zaidi ya kilomita mia nne, mpira wa rejeta ukapasuka. Mvuke kila mahali. Lori likasimama. Abu Nasser akashuka, akaketi kwenye jiwe, akageuza uso. Julius anakumbuka: "Mansour alipiga simu kuuliza tumefika wapi. Mzee akamjibu, tunakunywa chai. Mafi mushkila, hakuna shida." Protus akafungua boneti. Alikata kipande kilichooza, akachana tyubu kuukuu, akaviringisha na kukaza kwa meno, vile madereva wetu wote wanavyojua. Akajaza maji. Lori likaondoka.

Karibu na Makka, kwa kuwa Protus ni Mkristo, ilibidi wazunguke kwa barabara ya pembeni. Mansour alimletea babake gari lenye kiyoyozi apite mjini. Mzee akakataa kushuka. Siku ya tatu wakaingia Ruwais, Jeddah, honi ikilia, mpira bado umefungwa tyubu. Lori likabaki. Liko huko hadi leo, na Protus aliliendesha miaka minne, mpaka aliporudi nyumbani akiugua moyo.

Mama Rosebellah, watoto, Julius, poleni sana. Tumempenda mtu wenu. Nawe unayenisikiliza, kuna kazi unayoijua ambayo wengine wanaiona takataka. Usiiache ife. Mfundishe mtu.

Sasa niwaambie ya mazishini, Jumamosi. Mchungaji anaomba, simu ya Rosebellah ikalia. Ni Julius, kutoka Ruwais. "Mama, Abu Nasser anasema uongeze sauti." Rosebellah akaiweka simu juu ya jeneza. Tukasikia lori linaunguruma. Dakika moja. Dakika tano. Mwishowe Rosebellah akainama: "Julius, mwambie mzee azime jamani, dizeli hiyo! Protus angekuwa ameshagomba." Uwanja mzima ukacheka huku machozi yanatoka.

Tukamsikia Julius akimtafsiria mzee. Kisha jibu likaja.

"Anasema bado. Atazima Protus akishafika."