Jina Lililo Chini ya Konokono wa Jiwe

Baba padiri, majirani wa Biryogo, wenzake wa kazini, na ninyi mlioketi nyuma karibu na sufuria, mimi ni Mukabalisa, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa niliishia darasa la tatu, basi nikikwama mnivumilie, na nisipokwama pia mnivumilie.

Mdogo wangu Théoneste Kubwimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931 huko Save, mtoto wa nne kati ya sita, akasoma hapo hapo kwa mapadri kuanzia 1939 hadi 1944, akajulikana kwa mwandiko mbaya na kwa kuokota okota vitu.

Mwaka 1951 alikwenda Tanganyika, Lindi, kukata mkonge, na huko wapima miamba wakamchukua awabebee mizigo, wakagundua kwamba mbebaji anaona kuliko wao, maana alikuwa akisimama juu ya kilima kikavu anasema hapa palikuwa bahari, wanachimba, wanakuta makombe na konokono wa baharini waliogeuka mawe, visukuku vya zama za kale mno ziitwazo Kretasia, wengine wakubwa kama ungo. Alirudi nchini mwaka 1963, akaajiriwa katika ghala la mawe la ofisi moja ya wapima miamba hapa Kigali, akalitunza miaka ishirini na tisa asipoteze hata kokoto.

Tarehe 8 Februari 1964 alifunga ndoa na Générose, aliyetutangulia mwaka 1986, wakajaliwa mtoto mmoja, Illuminée, huyu hapa mbele, naye mwaka 1988 akaolewa na Évode, msomi wa miamba wa ofisi hiyo hiyo, yule pale mwenye tai, ambaye marehemu alimpenda mpaka sisi wengine tukaona wivu, akamfundisha kila alichokijua, hata namna ya kugonga jiwe na kusikiliza kama ndani kuna kitu.

Julai 1990 ofisi iliwatuma wote wawili Lindi, na tarehe 3 Agosti Théoneste akamwona konokono mkubwa kuliko wote, akamchimba siku nne kwa patasi na brashi, huku mkwe wetu akikaa kivulini kwa sababu ya kuumwa kichwa. Ni desturi ya kazi yao kila jiwe liandikwe tarehe, mahali, na jina la aliyeliona, maana jiwe lisilo na maandishi, alikuwa akisema, ni la kuzuia mlango tu, basi Évode akaandika etiketi, vile vikaratasi vya kuwekwa kando ya jiwe, kwa mwandiko wake mzuri, na jina la Théoneste, lakini mdogo wangu, kwa mazoea ya zamani, akaandika pia kwa wino juu ya jiwe lenyewe, upande wa chini.

Tarehe 6 Juni 1992 mawe yale yalionyeshwa kwa wageni wakubwa, Théoneste akavaa suti ya harusi yake, nami nikamsindikiza, tukakuta kila etiketi ni mpya, na kila moja imeandikwa aliyegundua ni Évode. Palikuwa na tangazo la kukataza kugusa, nikagusa, nikamwinua upande mmoja yule konokono, nikaona mwandiko mbaya ninaoujua tangu utoto, T. Kubwimana, Lindi, 3 Agosti 1990, nikafungua mdomo, lakini Théoneste akanishika mkono akasema, "Dada, rudisha, mtoto wetu asiaibike mbele ya wageni, na wewe nyamaza muda wote nitakaokuwa hai." Nilinyamaza, na Béatha jirani yangu ni shahidi jinsi nilivyoumwa na kunyamaza huko.

Januari 1993 alianza kuugua figo, Oktoba akalazwa, akamwomba mkwe wake jambo moja tu, azirudishe etiketi za kwanza, naye akajibu, nami nikiwa nyuma ya pazia nakunja shuka, "Baba, jina lako nani analijua, jiwe litapata heshima gani?" Mgonjwa akageukia ukutani, hakuomba tena, akafariki Alhamisi tarehe 18 Novemba 1993, saa kumi jioni.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomuuguza, majirani waliotuletea kuni na maharage, wenzake waliobeba jeneza, na wewe Illuminée, ambaye leo umeyasikia haya kwa mara ya kwanza, unisamehe, muda niliopewa wa kunyamaza umekwisha.

Mwisho, familia imemchagua Évode, kwa mwandiko wake mzuri, aandike jina kwenye msalaba, rangi na brashi anavyo Béatha, nasi wote tutasimama tumtazame, herufi kwa herufi, hatuna haraka. Akikosea hapatakuwa na neno, kwa kuwa upande wa nyuma, chini kabisa, panapoingia udongoni, nimeshaandika mimi usiku wa jana kwa wino wa marehemu, jina, mahali na tarehe.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, umeandikwa.