Mama Nashilu Sumari na Uzi wa Virusi

Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, Mama Nashilu Sumari atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia maabara yetu ya mifugo kwa miaka thelathini na mmoja.

Mama Sumari ni mzaliwa wa Nkoaranga. Baada ya kidato cha nne alisomea ufundi wa maabara, na mwaka 1968 akapangiwa chumba cha bakteria. Wengi wetu tulimkuta humo. Ndiye aliyetufundisha kushika pipeti, kunawa bila kukumbushwa, na kutokula andazi karibu na darubini.

Fahari yetu kubwa ni kazi ya mwaka 1994, alipokabidhiwa virusi vinavyoshambulia bakteria wa ugonjwa wa kiwele. Kila kirusi ni ganda, na ndani yake mna DNA, mithili ya uzi. Mama alitakiwa kuutoa uzi huo, kuacha ganda, kisha kuuingiza uzi peke yake ndani ya bakteria aone kama wataambukizwa. Bakteria hawaupokei kirahisi. Huloweshwa kwanza katika maji ya chumvi ya kalsiamu yaliyozungukwa na barafu, kisha hupashwa joto ghafla. Nao ulikuwa wakati wa mgao wa umeme! Njiro anakoishi ilipopata umeme, Mama alitugandishia barafu nyumbani kwake na kuileta kwenye chupa ya chai. Dereva wetu Omary alijimiminia kikombe siku moja, na tangu hapo huuliza kwanza.

Mara kadhaa haikufaulu. Jumanne, tarehe 8 Machi, sahani zake zilionyesha madoa angavu: bakteria walikuwa wamekufa, na virusi kamili vimezaliwa. Tulishangilia hadi mhasibu akaja kuuliza kama mishahara imetoka.

Lakini Mama, kwa uangalifu wake, alikuwa amebandika mlangoni: TAHADHARI, TUNAAMBUKIZA VIRUSI. Mjini wakati ule neno virusi lilimaanisha UKIMWI tu. Wafugaji walioleta maziwa kupimwa walisoma, wakageuza na chupa zao. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Na tulikwisha kuambiwa kwamba kitengo kisicho na wateja wa kuchangia gharama kitafungwa, na watumishi wake watapunguzwa.

Mama alilibandua tangazo, akaenda Olasiti kwa Bibi Nkasiogi, mfugaji ambaye wenzake humsikiliza. Alimwamkia shikamoo, akapokelewa kwa swali: "Maziwa tunayanywa sisi. Mkishaambukiza, na chupa mnaturudishia?"

Hakubishana. Aliwaalika wote waje kujionea. Walikuja, wakasimama nje ya dirisha, naye akawaonyesha sahani zilizofungwa. Aliwaeleza kwamba virusi hivi havina haja na mtu wala ng'ombe, bali bakteria tu, na kwamba ganda ameliondoa, akatumia kilichomo ndani.

Bibi Nkasiogi alikodoa macho. "Yaani umemvua nguo, na bado anazaa?"

"Anazaa, yeyo," Mama akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai, "tena watoto wanazaliwa na nguo zao."

Kicheko kilisikika hadi ofisi ya mkurugenzi. Kesho yake Bibi Nkasiogi alileta chupa mbili za maziwa, na nyuma yake walikuja majirani zake. Kitengo hakikufungwa. Hakuna aliyepunguzwa.

Tangu hapo Mama hakubandika neno lolote mlangoni kabla ya kumsomea mfugaji mmoja dirishani. Utaratibu huo sasa ni wa maabara nzima, na vijana walioajiriwa juzi hudhani ulitoka wizarani.

Mama Sumari, chumba chako bado kina kazi, na dirishani pana foleni ya wafugaji. Asante kwa yote mawili. Nenda ukapumzike salama na wajukuu, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya furaha.