Chokaa Iliyobaki Sakafuni kwa Bi Eustolia

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo tunamkumbuka Bi Eustolia Zamarripa, wa mtaa wetu wa El Mezquital, huku kusini mwa Texas. Ametutoka mwezi uliopita. Bi Eustolia, aliyetuchorea misalaba ya chokaa.

Alikuja kutoka Mexico na watoto wawili, Anselmo, wa kwanza, na Nereida. Hakuwa na hati. Wakati huo hapa palikuwa shamba la machungwa lililokatwa viwanja, bila maji wala umeme. Kila mtu alitoka kwao, hakuna aliyemjua mwenzake. Jirani mmoja, mvuna vitunguu, akafariki. Watu wakasimama mlangoni, hawajui waanzie wapi. Bi Eustolia akachota chokaa, akachora msalaba sakafuni, pale lilipokuwa jeneza. Wakasali siku tisa. Siku ya tisa watu watano wakazoa chokaa ile kwa maua, kila mmoja kipande chake: miguu, mikono miwili, kifua. Kichwa kilikuwa cha mwisho. Kichwa huzolewa na mtoto wa kwanza wa marehemu. Kisipozolewa, alisema, marehemu hatoki nyumbani.

Baada ya msiba ule watu walianza kusalimiana. Hata Bi Verna Kessler, mjane wa mwenye shamba, mumewe alipofariki, alimwita Bi Eustolia.

“Sala zenu sizijui, Eustolia, lakini njoo. Nyumba imenyamaza mno.”

“Nakuja, dada. Ila kahawa yako ile ya maji maji, leo usituletee.”

Wasikilizaji, mnajua tunavyoishi. Kusini kuna mto, na ng'ambo yake ni Mexico. Kaskazini kuna kizuizi cha uhamiaji, kinachokagua wanaotoka huku. Asiye na hati hapiti. Mama yake Bi Eustolia alizikwa ng'ambo ya mto, naye hakwenda. Angekwenda, asingerudi. Anselmo alipita kizuizi akiwa kijana, amejificha katika lori la vitunguu. Sasa anaezeka mapaa Houston, ana watoto watatu. Naye hana hati. Kuja huku anaweza. Kurudi kwa wanawe hawezi.

Nereida alikuwepo mama na Anselmo, au Chemo kama mama alivyomwita, walipoongea kwa simu mara ya mwisho.

“Usije, Chemo,” mama alisema. “Ukija, wanao utawaona kwenye simu, kama ninavyokuona wewe.”

“Sasa nani atakuzika, Mama?”

“Hawa hawa majirani. Wakiniacha juu ya ardhi nitawanukia!”

Akacheka mpaka akakohoa.

Majirani walimzika. Siku ya tisa wakazoa miguu, wakazoa mikono, wakazoa kifua. Bi Verna alizoa mkono wa kushoto. Kichwa kikabaki. Wakampa Nereida ua. Akainama, kisha akainuka.

“Si changu,” alisema. “Nikikizoa, nimekubali kwamba kaka haji. Nikikiacha, Mama hatoki. Niambieni basi, nifanyeje?”



Wasikilizaji wapendwa, mtaa huu tumeujenga kwa mikono yetu, ila malango yake waliyaweka wengine. Tutafakari hilo. Familia ya Zamarripa, poleni sana. Anselmo, sauti hii inapita kizuizini bila kuulizwa hati. Dada yako ameniomba nikuambie mambo mawili. Mama alisema usije. Na chokaa bado ipo.

Jana nilikwenda kutoa pole. Sebule ilijaa watu. Kila aliyebeba kikombe cha kahawa, alipofika pale katikati penye chokaa, alizunguka.