Kapteni Hesbon Barasa na Darubini Iliyongoja Mgeni wa Heshima

Wasifu wa marehemu, unasomwa na dada yake, Mwalimu Roselyne Nabwile, nyumbani kwa marehemu nje ya mji wa Kitale, Jumamosi, Septemba 16, 2006.

Kapteni mstaafu Hesbon Barasa alizaliwa Lugulu tarehe 12 Juni 1944, akiwa kifungua mimba wa wazazi wetu. Siku hiyo chifu alikuwa ameita baraza, na kwa desturi yetu mtoto akaitwa Barasa. Yeye mwenyewe hakupenda mikutano hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Lugulu, kisha sekondari mjini Bungoma, akamaliza mwaka wa 1963. Miaka miwili baadaye alijiunga na chuo cha kijeshi kama kadeti, akafunzwa kazi ya mawasiliano. Hapo ndipo alipoingiwa na mapenzi ya setilaiti, na hayakumtoka tena.

Mwaka wa 1971 alimwoa Wangui, binti ya Mzee Ngige wa hapa Kitale. Siku ya kujitambulisha, mzee alimuuliza hizo setilaiti zake zinashikiliwa na nini huko juu. Hesbon aliomba ndoo ya maziwa, akaizungusha juu ya kichwa kwa nguvu, na hata tone halikumwagika. Kisha akasimama ghafla ili aeleze, na maziwa yote yakaishia kwenye koti la mkwe. "Basi huyu amchukue tu," Mzee Ngige alisema akijipangusa, "kabla hajamaliza ng'ombe wangu."

Alirudi chuoni kufundisha kuanzia 1974 hadi alipostaafu mwaka wa 1990, akaja hapa kulima mahindi. Lakini kilimuuma kwamba makadeti walijifunza habari za anga za juu kwa michoro ya ubaoni tu. Kwa hiyo mwaka wa 2001 aliwaita kwenye mkutano huko Mabanga wahitimu wenzake na wale aliowafundisha, akawaomba wakijengee chuo chao darasa la anga. Mmoja wao alielewa vibaya, akaja na pangaboi la ndege kuukuu amelifunga juu ya pikapu. "Bana, hii ni ya ndege," Hesbon alimwambia. "Mimi nataka kupita hapo, niende juu zaidi." Walicheka, lakini walichanga. Darasa lilikamilika Machi 2004, likiwa na kompyuta, sahani ya kupokea mawimbi ya setilaiti, na darubini kubwa aliyoichagua yeye mwenyewe.

Likafungwa kwa kufuli, kungoja mgeni wa heshima aje kukata utepe.

Mgeni aliahirisha Agosti. Akaahirisha Desemba. Katikati ya hapo, Oktoba, daktari alimwambia Hesbon kwamba ana presha ya macho, na kwamba ataendelea kupoteza uwezo wa kuona. Alimpigia simu Bramwel, mwanafunzi wake wa zamani na mwenyekiti wa wahitimu. "Nifungulieni tu niangalie mara moja. Halafu mfunge." Bramwel alimjibu kwa heshima zote, "Mwalimu, si tungoje kidogo? Utepe haujakatwa, wakubwa watasema nini?" Mwaka wa 2005 mgeni aliahirisha tena mara mbili. Inatuuma, na sitaipaka sukari kwa sababu tuko matangani.

Utepe ulikatwa Februari mwaka huu. Hesbon alishikwa mkono hadi kwenye darubini, akainama, akaweka jicho, akakaa hivyo kwa muda. "Asante sana. Ni safi," alisema, na watu wakapiga makofi. Wangui alimuuliza njiani wakirudi nyumbani ameona nini. "Giza," alimwambia. "Lakini wamejitahidi, mama. Usiwaambie."

Baada ya hapo alinyong'onyea. Hakuenda tena shambani wala kanisani, na redio aliiacha ikiongea peke yake. Jumanne, Septemba 12, alipatwa na kiharusi, akaaga dunia jioni hiyo hiyo.

Ameacha mjane wake, Wangui, watoto wao, Festus, Agneta na Nyambu, wajukuu sita, mimi dada yake, na makadeti ambao sasa wanasoma katika darasa hilo.

Alhamisi Bramwel alifika hapa na ujumbe wa wahitimu. Walilia, nasi tukalia nao. Kisha wakaomba mazishi yasogezwe mbele wiki moja, kwa sababu mgeni wa heshima yuko ng'ambo na angependa kuhutubia. Wangui aliwasikiliza hadi mwisho.

"Hapana," alisema. "Mzee amengojea wakubwa ya kutosha. Huyu anazikwa Jumamosi."

Bramwel aliinamisha kichwa. Jana alikuja peke yake, akavua koti, akashika jembe pamoja na vijana waliokuwa wakichimba kaburi.

Kapteni Hesbon Barasa na apumzike kwa amani, bila kungoja mtu.